Niliinyamazisha Hita, Sasa Mama Mkwe Anaambiwa Amezeeka

Mshauri mpendwa, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika, kwa sababu najua utakasirika, hata mimi nimejikasirikia siku tatu hizi na bado sijui nianzie wapi.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na nane, nina mke, mtoto bado hatujajaliwa, na tunaishi nyumbani kwa mama yake mke wangu, jambo ambalo mwanamume halisemi kwa sauti kubwa, lakini ndivyo ilivyo, baba mkwe alipofariki mama alibaki peke yake na mke wangu akasema hawezi kumwacha, nami nikakubali na sijajuta, ila mwaka wa kwanza nilijihisi kama mgeni asiyejua akae kiti gani. Mama mkwe ni fundi cherehani, na si wa kutia viraka, ni fundi wa magauni ya harusi, watu wanatoka mbali kumfuata, na ni mwanamke wa maneno machache, anaweza kukutazama juu ya miwani mpaka ukakumbuka makosa uliyofanya ukiwa darasa la pili. Mwaka mzima aliniita "baba," kwa heshima tu, vile unavyomwita mtu anayekuuliza njia barabarani.

Kazi yangu ni fundi wa mashine katika kiwanda cha sabuni, kitengo cha kufungasha, na hapa lazima nikueleze jambo moja la kazini ili uelewe nilivyofika nilipofika. Mashine zetu zina milango ya kinga, mlango ukilegea hata kidogo swichi inakata umeme, mstari mzima unasimama, sabuni zinarundikana, msimamizi anakuja mbio amefura, kwa hiyo sisi mafundi tuna mtindo wetu, unachukua kipande cha waya unaunganisha ncha mbili za ile swichi, mashine inadhani mlango umefungwa, kazi inaendelea. Tunaita kuinyamazisha. Kila fundi wa zamu ana vipande vya waya mfukoni mwa ovaroli, vimekatwa na kumenywa tayari, na anayeinyamazisha haraka kuliko wenzake ndiye anayeitwa fundi. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja na vidole vyangu vyote kumi ninavyo, kwa hiyo sikuwahi kuona kama ni kosa, niliona ni ujuzi.

Sasa nije kwenye hita. Nyumba ya mama ina hita ya maji ya gesi, pipa refu jeupe lililosimama ndani ya kabati la ukutani, kati ya bafu na chumba cha kushonea, na mlango wa hilo kabati unafungukia chumba cha kushonea na una matundu juu na matundu chini. Mama alikuwa akilalamika kwamba akikaa kwenye cherehani kuna upepo unapita sakafuni kuelekea kwenye yale matundu ya chini na unampiga baridi vifundo vya miguu, siku nzima, na vifundo vyenyewe vina baridi yabisi. Nikaona hapa ndipo pa kujipatia jina. Nikachukua boksi gumu la sabuni, nikakata vipande sawasawa, nikaziba matundu ya chini kwa ndani, nikapaka rangi nyeupe, ungekuja usingejua kama paliwahi kuwa na tundu. Mama akakaa, akasogeza miguu huku na huku, akasema, "Ahsante, mwanangu." Mwanangu! Mshauri, nilitoka pale nikaenda kusimama uani peke yangu kama mtu aliyepewa cheo.

Baada ya siku kama nne hita ikaanza kujifunga. Mtu yuko bafuni, maji yanapoa ghafla, ukienda kutazama unakuta moto umezimika na kitaa chekundu kinapepesa, mara nne, kinapumzika, mara nne tena. Ukiwasha haiwaki. Kwenye kifuniko kuna karatasi ya maelezo, nikaisoma, ikasema mara nne maana yake moshi haupandi vizuri kwenye bomba lake, zima, ita fundi. Nikacheka, nikajiambia fundi si ndiyo mimi. Mara ya kwanza nilihangaika nusu saa, mke wangu anapiga kelele kutoka bafuni, "Mume wangu, nina povu machoni, hiyo hita inawaka au nije nikuwashe wewe?" Mwishowe nikagundua kwamba ukigeuza kitasa mpaka kwenye kuzima, ukasubiri dakika kumi, ukaanza upya, inakubali. Basi nikawa daktari wa hita. Inajifunga, naitwa, nasubiri dakika zangu kumi nimekunja mikono kama mtu anayefikiri sana, nawasha, maji yanatoka moto, mama anawaambia wateja wake, "Huyu mkwe wangu ana mkono mwepesi." Kichwa kikavimba, sikufichi.

Lakini ikawa inajifunga kila siku, halafu mara tatu kwa siku, nikawa napigiwa simu kiwandani, "Mwanangu, imekataa tena," na mimi niko katikati ya mashine. Halafu Jumamosi moja shemeji, kaka yake mke wangu, alikuja kututembelea, akaingia kuoga, hita ikamfungia na yeye. Akatoka na taulo, akanitazama, akasema mbele ya mama, "Kumbe fundi wetu ni fundi wa sabuni tu." Watu wakacheka, na mama akatabasamu, kidogo tu, lakini nilimwona. Nikaingia kwenye kabati, nikaifuata ile swichi ndogo iliyoko juu ya pipa, chini ya kofia ya bomba la moshi, yenye nyaya mbili, nikatoa waya wangu mfukoni, nikainyamazisha. Sekunde ishirini hazikufika. Tangu siku hiyo haijajifunga hata mara moja, ni wiki tano sasa.

Ndani ya hizo wiki tano mama amekuwa mtu mwingine. Ilianza na kuumwa kichwa, akasema ni miwani. Ikaja kizunguzungu, akasema ni njaa. Halafu akawa anasahau, anamwita mteja kwa jina la mteja mwingine, anaacha pasi juu ya kitambaa, anaingia chumbani na kusimama akijiuliza amefuata nini. Halafu likaja gauni la bi harusi mmoja, kitambaa kimeagizwa kutoka ng'ambo, mama akalikata mikono miwili ya kushoto. Mwanamke aliyekata nguo miaka arobaini. Nilimkuta amekaa na ile mikono miwili mapajani, analinganisha moja na mwenzake, analinganisha tena, akaniuliza, "Mwanangu, hii na hii si ni sawa?" Nikamwambia, "Ni sawa, mama." Akasema, "Ndiyo maana nauliza."

Tulimpeleka kwa daktari, mimi ndiye niliyemsindikiza kwa kuwa mke wangu alikuwa kazini. Daktari akampima presha, akamwuliza hiki na kile, halafu akanigeukia mimi, "Kuna kitu chochote kimebadilika nyumbani hivi karibuni?" Nikasema hakuna. Wallahi wakati huo sikuwa nimeunganisha mambo, lakini pia siwezi kukuapia kwamba ile hita haikunipita kichwani, ilipita, nikaiacha ipite.

Shemeji akamchukua siku tatu kwake, mama akawa mzima, anatania, anatunga uzi kwenye sindano bila kuhangaika. Akarudi nyumbani, siku ya pili kichwa kikaanza. Shemeji akasema ni huzuni ya marehemu, nyumba inamkumbusha, na tena umri umefika, tumkubali alivyo. Kikaitishwa kikao cha familia, wakaamua mama akaishi kwa shemeji na kazi ya kushona iishe, na shemeji atakuja na gari Jumapili ya tarehe ishirini. Nilidhani mama atagoma. Hakugoma. Alivua tepu ya kupimia shingoni, hiyo tepu sijawahi kumwona bila hiyo, akaikunja akampa mke wangu, akasema, "Mkasi si wa mtu asiyejiamini. Waambieni wateja wangu nimezeeka." Mke wangu alilia mpaka akapaliwa. Mimi niliangalia sakafu.

Sasa juzi nilikuwa na siku ya mapumziko, nikakaa asubuhi nzima chumba cha kushonea nikimtengenezea kiti chake, dirisha limefungwa kama anavyopenda ili vumbi lisiingie kwenye vitambaa vyeupe, na mke wangu anafua na kuoga. Baada ya saa mbili kichwa kinaniuma, moyo unanienda mbio, nimesahau misumari nimeiweka wapi na ninayo mkononi. Nikatoka nje, baada ya muda kikapoa. Nikarudi nikafungua kabati, nikaona masizi juu ya pipa, pale chini ya kofia, na joto lililonipiga usoni halikuwa la kawaida. Mshauri, hapo nilielewa. Nikafunga kabati.

Ninachoomba ni hiki. Nikisema ukweli, mke wangu ataniona mtu niliyemtilia mama yake sumu, shemeji atanirushia mabegi nje, na yule mama aliyeniita mwanangu sijui ataniita nani. Lakini nafikiri, je, siwezi kuutoa ule waya kimya kimya, hita ikajifunga, nikasema imekufa, tukanunua nyingine ya umeme, na mama akapona polepole huko kwa mwanawe, kila mtu akamshukuru Mungu, yakaisha? Nani atakuwa ameumia? Nijibu tafadhali, namba yangu nimeiandika chini, ila usipige jioni, jioni tunakaa wote sebuleni.

Ni mimi, mkwe niliyekwama.

—

Mkwe uliyekwama,

Nakupa pole mara moja, hapa mwanzoni, na sitarudia.

Barua yako ilinifikia Jumanne, na ukurasa huu hutoka Ijumaa. Sikungoja Ijumaa. Wasomaji wengine nao wajue nilichofanya, kwa sababu si kawaida yangu kuwapigia simu wanaoniandikia. Nilikupigia saa nne asubuhi. Mashine zilikuwa zinanguruma nyuma yako mpaka ikabidi nipayuke.

"Hita inawaka sasa hivi?"

"Nadhani inawaka. Mama yuko nyumbani, anapiga pasi."

"Mpigie atoke nje. Si baadaye, sasa. Halafu omba ruhusa, nenda nyumbani, funga valvu ya gesi, fungua kila dirisha."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie atoke nje."

Saa sita kasorobo ulinirudia ukihema. Valvu umefunga, madirisha umefungua, mama amekaa uani kivulini. Vizuri. Nikakuuliza umemweleza nini, ukasema, "Nimemwambia hita imeharibika." Halafu ukauliza, "Mshauri, upo?" Nilikuwepo, baba. Nilikuwa natafuta neno linaloweza kuchapwa gazetini.

Siku tatu! Ulifungua kabati, ukaona masizi, ukaelewa, na ukafunga kabati ukaenda kushika kalamu badala ya kushika valvu. Mama akaendelea kukaa kwenye kile chumba siku tatu hizo, na tena siku zote barua yako ilipokuwa njiani. Kati ya yote uliyoungama, hili hukuliungama, kwa hiyo naliungama mimi kwa niaba yako.

Sasa tuongee habari za hita, kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mnayo ukutani na mna mkwe mwenye mkono mwepesi. Mimi si fundi wa gesi, lakini nilimpigia mmoja ninayemwamini, mzee aliyefanya kazi hiyo tangu meno yake yote yapo, nikamsomea barua yako. Alianza kwa kusema hita iliyojifunga haijaharibika. Imeona jambo, ikakata gesi yenyewe ili isiwaumize. Ikijifunga mara moja, soma maelezo, fuata hatua za kuiwasha upya kama zilivyoandikwa, labda gesi ilikuwa imekwisha kwenye mtungi, labda upepo ulizima mwali. Ikijifunga tena kwa sababu ile ile, iache hivyo hivyo. Funga gesi, ita mtu mwenye kibali cha kazi hiyo, oga maji ya sufuria. Wewe uliiwasha upya mara ngapi? Ulijihesabia ushindi, kumbe ilikuwa inakuita.

Nikaendelea kumsomea, nikafika kwenye boksi la sabuni na rangi nyeupe. Akanikatiza.

"Rudia hapo, dada. Aliziba matundu ya wapi?"

"Ya chini."

"Na ya juu?"

"Hajayagusa."

"Basi msomee yeye mwenyewe hiyo barua yake, jibu limo humo."

Akanifafanulia. Moto wa hita unakula hewa, na hewa hiyo inaingia kwa yale matundu ya chini. Ule upepo uliokuwa unampiga mama vifundo ulikuwa ni hita inavuta pumzi. Ulipoziba, moto ukakosa hewa ya kutosha, ukaanza kuwaka vibaya, na moto unaowaka vibaya unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Moshi nao badala ya kupanda kwenye bomba ukawa unamwagika pembeni, chini ya kofia, ukapitia matundu ya juu uliyoyaacha, ukaingia chumba cha kushonea, na dirisha limefungwa. Ile swichi ndogo iliwekwa pale kwa kazi hiyo moja tu, kuhisi joto la moshi uliokosa njia. Ilihisi. Ikakwambia mara nne, ikapumzika, ikakwambia mara nne tena. Fundi alisema ni lazima aone kwa macho kabla ya kukata maneno, maana bomba linaweza pia kuwa limezibwa na kiota au limeachia kwenye kiungo. Lakini hita iliyokuwa nzima miaka yote ikaanza kujifunga siku nne baada ya wewe kuziba matundu, na wewe fundi wa miaka kumi na moja hukuziweka hizo habari mbili pamoja. Nitakwambia kwa nini. Kwa sababu habari ya kwanza ilikupa neno "mwanangu," na hukutaka liguswe.

Nakuelewa hapo, tena sana. Mtu anayeishi ukweni hufanya mambo mengi ya ajabu ili aonekane ana faida. Hukumzibia mama matundu kwa ubaya, na ningekutetea mbele ya yeyote mpaka ile siku ya taulo ya shemeji yako. Pale hukukosa kwa kutojua. Karatasi ulikuwa umeisoma. Ulitekwa na kicheko cha sekunde tano, ukatoa waya. Na mtindo wenu huko kiwandani, wa kutembea na vipande vimemenywa tayari, siku moja utamla mtu mkono. Vidole vyako kumi unavyo, hongera, lakini ile milango haikuwekwa kwa ajili yako peke yako. Kaongee na msimamizi wako, na akikufokea, mwache afoke.

Turudi kwenye swali lako. Uutoe waya kimya kimya? Kwanza, usiuguse. Usiutoe, usikwangue masizi, usibandue lile boksi. Mwache fundi akute kila kitu kilivyo, ajue hita imekaa hivyo muda gani na nini kimeungua ndani. Najua mkono unakuwasha kwenda kufuta alama kabla hajafika. Uukalie.

Pili, unauliza nani atakuwa ameumia ukinyamaza. Huulizi swali, unaomba ruhusa, na sikupi. Tuseme mama anakwenda kwa shemeji, anavuta hewa safi, kichwa kinaacha kumuuma. Kila mtu anashukuru. Yeye atashukuru nini? Atakaa kwenye kiti cha watu, mikono mapajani, mwanamke mwenye akili timamu aliyekubali mbele ya watoto wake kwamba akili zimemtoka. Akisahau kijiko, ataogopa. Akiita mjukuu kwa jina la mwingine, kosa ambalo hata mimi nalifanya kila Jumapili, ataogopa. Ile hofu haitaondoka na moshi, kwa sababu hakuna atakayemwambia ilitoka wapi. Umemwumiza bila kukusudia wiki tano. Ukinyamaza utakuwa unamwumiza kwa kukusudia, na hiyo haihesabiwi kwa wiki.

Kwa hiyo utafanya hivi.

Leo, Ijumaa, kama bado hujampeleka hospitali nilivyokuhimiza kwenye simu, usiende kazini. Mpeleke mama hospitali, kwa daktari yule yule. Umwambie daktari kwamba alikuuliza swali ukamjibu uongo, na jibu la kweli ni kwamba mama amekaa wiki tano na moshi wa gesi chumbani. Yaseme maneno hayo mwenyewe, usimwachie mke wako. Vipimo huenda visionyeshe kitu sasa, siku zimepita, lakini daktari akijua ndipo anajua atazame wapi, na mimi siwezi kukuhakikishia kwamba kila alichopoteza kitarudi. Wengi hurudi sawa, ndivyo nilivyoambiwa. Ngoja mwenye kujua aseme. Wewe na mkeo mpimwe pia. Fundi mwenye kibali aje kesho, na valvu isifunguliwe na mtu mwingine yeyote, hata mkeo akilalamikia maji baridi. Na kabla hita hiyo au nyingine yoyote ya gesi haijawashwa tena, nunueni ile kengele ndogo inayolia ikihisi hewa ya sumu, ibandikwe chumba cha kushonea. Hiyo ukiisikia inalia na ukatamani kuinyamazisha, tafadhali usiniandikie.

Lakini kabla ya hospitali kuna jambo la kwanza, na ndilo unalolikimbia. Mwambie mama. Si mkeo kwanza, ingawa najua ungependa aende akakutangulizie. Si shemeji. Kichwa kilichojadiliwa kwenye kikao ni cha mama, kwa hiyo yeye awe wa kwanza kusikia. Mkalishe, kaa chini kuliko yeye, mtazame. Usianze na bomba la moshi. Usianze na "mama, unajua kule kiwandani." Sema, "Mama, nadhani hujazeeka. Nimekuwa nikikuvutisha moshi wa hita wiki tano, nilikinyamazisha kifaa chake cha usalama kwa sababu ya aibu, na nilipojua nilinyamaza." Halafu funga mdomo. Akitaka kujua habari za waya atakuuliza, na kwa jinsi ulivyonieleza habari zake, atauliza vizuri kuliko daktari.

Anaweza kukufukuza. Ana haki, ni nyumba yake na ni kichwa chake. Akikufukuza, ondoka bila kubishana, upange chumba, na kesho yake urudi kumfungulia fundi mlango, kwa sababu kufukuzwa hakukuondolei kazi. Mkeo anaweza kukununia mwezi mzima. Shemeji ataongea, na wewe utamsikiliza mpaka amalize, hata akirudia ya sabuni. Kama baada ya hayo yote mama bado atakuita mwanangu, utajua safari hii hukulipata kwa boksi. Kama hatakuita, basi utaishi bila hilo neno, kama ulivyoishi mwaka wa kwanza.

Jumapili gari la shemeji litafika. Mama akiamua kupanda baada ya kujua kila kitu, mbebee mizigo. Lakini asipande hilo gari akidhani amekwisha.